Goti limepona? Kwa kipimo cha nani?

Wadau, jioni moja nilikuwa kando ya uwanja wa mtaani kwetu, binamu yangu anapasha misuli. Ni mwezi wa saba tangu apasuliwe kano ya goti. "Nimefaulu, kaka," akaniambia, "mguu huu unaruka asilimia 92 ya ule mzima." Nikarudi nyumbani nikichimba: hesabu hii ilianzia wapi?

Zamani daktari alikunja goti nyuzi 90 na kuvuta ugoko mbele. Tabu ni kwamba misuli ya nyuma ya paja hukaza, kano iliyokatika ikaonekana nzima. Dk. John Lachman wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, akafundisha kukunja nyuzi 20 au 30 tu. Joseph Torg na wenzake wakakiandika kipimo hicho mwaka 1976. (Georges Noulis alishaeleza kitu kama hicho Paris mwaka 1875, ila nani alimkumbuka!)

Mkono wa daktari nao ni mkono tu. Miaka ya 1980 Dale Daniel wa San Diego alileta KT-1000, kifaa cha kuhesabu milimita ambazo ugoko umesogea. Lakini goti lililotulia kitandani si lazima lihimili mpira.

Mwaka 1991 Frank Noyes na wenzake, Cincinnati, wakaeleza miruko minne ya mguu mmoja: mruko mmoja, mitatu mfululizo, mitatu ya kuvuka mstari, na mita 6 kwa saa. Mguu uliopasuliwa unalinganishwa na mzima. Baadaye wengi wakashika asilimia 90 kuwa ndiyo ruhusa. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada waliirudia miruko hiyo kwa waliopasuliwa, majibu yakawiana vizuri. Kipimo kinaaminika, basi?

Kinarudia jibu, ndiyo. Ila mguu mzima nao umekaa miezi bila mazoezi, umelegea! Mwaka 2017 Elizabeth Wellsandt na wenzake, Marekani, walichapisha matokeo ya wanamichezo 70. Kwa nguvu ya paja na miruko yote, 40 walifikia asilimia 90 ya mguu mzima wa siku hiyo. Walipolinganishwa na mguu huohuo ulivyokuwa kabla ya upasuaji, walibaki 20.

Nikampigia binamu: ule mzima uliwahi kupimwa kabla hujapasuliwa?

"Hapana kaka, walishika mbovu tu."

Jumamosi ana mechi. Nimemwomba asubiri hadi mwezi wa tisa, amesema atafikiria.