Nani Aliruhusiwa Kukanda Kajiado

Enzi ambazo Kitengela, Kajiado, ilikuwa bado ranchi ya pamoja, kabla haijagawanywa mwaka 1988, mwanamke wa Kimaasai aliyetaka ukunga hakuulizwa amesoma hadi wapi. Aliandamana na mkunga mzee, mara nyingi mtu wa ukoo, na ilitarajiwa kuwa yeye mwenyewe ameshazaa. Sehemu kubwa ya kazi ya enkaitoyoni, yaani mkunga, ilikuwa mikononi: kupapasa na kukanda tumbo la mja mzito ili ajue mtoto amelalaje. Wasahihishaji walikuwa wanawake wenzake wa boma. Mwenye mkono mzito, au mdomo usiotunza siri, hakuitwa mara ya pili. Leo anayetaka kusomea masaji katika chuo cha ufundi hutazamwa kwanza matokeo ya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne: kwa kawaida D kwa cheti, C- kwa diploma. Nadai kwamba sharti hilo la karatasi halikutokana na kazi yenyewe. Lilitokana na haja ya kulinda jina la kazi, na hadi leo linauacha mwili wa mkandaji bila kupimwa.

Asili yake iko mbali na Kajiado. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilionya kwamba baadhi ya nyumba za masaji jijini London zilikuwa madanguro. Mwaka huohuo wauguzi wachache, Rosalind Paget akiwa mmoja wao, waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Angalia kanuni zao: usikande bila agizo la daktari, usiwakande wanaume mwili mzima ila kwa dharura, usijitangaze isipokuwa katika majarida ya utabibu. Hizo ni kanuni za heshima, na mtihani waliouweka uliwatenga wao na wale wa madanguro. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Miaka ishirini na ushei baadaye, askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia walifunzwa masaji katika kituo cha St Dunstan's, na Wajapani walikuwa wamewafundisha vipofu kazi hiyo tangu karne ya 17. Hata macho, basi, hayakuwa sharti.

Kuna pingamizi zito: mikono bila elimu huua. Ni kweli. Ukikanda kwa nguvu shavu la mguu lililovimba kwa sababu ya damu iliyoganda, bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Na kulazimisha mtoto ageuke tumboni kunaweza kubandua kondo la nyuma. Wakunga wa jadi hawakuwa malaika, na serikali ya Kenya haikukosea ilipowaelekeza kuwapeleka wajawazito hospitalini. Lakini hoja hiyo inadai mkandaji ajue ni lini asiguse, jambo linaloweza kufundishwa na kutahiniwa kwa mdomo. Haithibitishi kwamba aliyepata D ya jumla, labda kwa nguvu ya somo la dini na historia, anajua damu iliyoganda ni nini. Kwa fiziotherapia, yenye sheria yake ya mwaka 2014, kudai baiolojia ni haki kabisa, maana huko mtu anatibu wagonjwa.

Kitengela ya sasa ina wateja tele. Viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, pale Athi River vimeujaza mji wafanyakazi wanaoinamia cherehani kutwa, na kwa kinyozi wa kawaida mteja akishanyolewa huoshwa kichwa kwa maji ya moto, hufunikwa taulo, kisha hukandwa shingo na mabega. Mkandaji hapo husimama saa nyingi. Asipofunzwa kuegemeza uzito wa mwili wake, atasukuma kwa kidole gumba mpaka kiungo cha chini yake kichakae. Kitanda kikimpita usawa wa ngumi, mkono ukiwa umening'inia, mabega yake ndiyo yatakayolipa. Haya hayaonekani kwenye matokeo ya Kidato cha Nne, ilhali robo saa ya kumtazama mtu akifanya kazi huyafichua. Njia ya kuyapima ipo tayari: majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambako mtahiniwa hupimwa kwa kazi anayoifanya, na daraja la tatu halimfungii mlango aliyeishia shule ya msingi. Vyuo vingeweza kuanzia hapo, vikaongeza maswali ya mdomo kuhusu mshipa, mimba na homa, kabla ya kuuliza gredi.