Jinsi Kompyuta Ifuatavyo Rangi

Mchungaji wa Molo akimpaka kondoo wake rangi nyekundu mgongoni, wewe msomaji waweza kumfuata kwa macho malishoni kutwa nzima bila taabu. Kompyuta yenye kamera nayo yaweza kumfuata. Lakini, je, yamwona?

Asili ya jambo hili ni ya kale kuliko kompyuta. Mwaka 1861, mjini London, James Clerk Maxwell alionyesha picha ya utepe wa rangi nyingi. Utepe ule ulikuwa umepigwa picha mara tatu, kupitia vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Picha hizo zilipomulikwa pamoja ukutani, rangi za utepe zikatokea. Kamera ya kompyuta hufuata kanuni iyo hiyo. Picha yake ni vitone vingi, na kila kitone hupewa tarakimu tatu, kila moja kati ya 0 na 255.

Kamera ihesabiwayo na wengi kuwa ya kwanza ya aina hii iliwekwa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1991. Usicheke: kazi yake ilikuwa kulichungulia birika la kahawa, maana wataalamu walichoka kulifuata na kulikuta tupu! Picha zake hazikuwa hata na rangi. Zilitiwa katika mtandao mwaka 1993, na kamera ikazimwa mwaka 2001. Tangu mwaka 2012 hivi, vivinjari vya intaneti vimeweza kupokea picha za kamera pasipo programu ya nyongeza, mradi mwenye kompyuta atoe ruhusa.

Basi programu hupitia vitone vyote, ikachagua vile ambavyo wekundu wake wazidi sana kijani na buluu, ikavizungushia mraba. Picha ya pili ijapo, huanza upya. Kwa hiyo mraba huhama pamoja na kondoo. Lakini mpitishe hapo mwanafunzi mwenye sweta nyekundu, na mraba utamrukia yeye. Ukungu wa Molo ukishuka, tarakimu hubadilika, kondoo akapotea ilhali wewe ungali wamwona.

Kumpoteza kondoo ni hasara ndogo. Kumkosea binadamu ni jambo jingine. Programu za siku hizi hufunzwa kwa picha nyingi mno, lakini hujua zile zilizoonyeshwa tu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu tatu zilizouzwa kwa kazi ya kutambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea karibu 35 katika 100. Hifadhi mbili za picha walizozikagua, zilizotumiwa kupimia kazi kama hiyo, zilijaa nyuso za watu weupe.