Mikutano ya serikali ya kijiji

Mikutano ya serikali ya kijiji ni vikao vya kisheria ambavyo wanakijiji wa Tanzania Bara huvitumia kujiongoza. Chekereni, kijiji cha wakulima wa mpunga katika Skimu ya Umwagiliaji ya Moshi Chini, mkoani Kilimanjaro, huongozwa na utaratibu huo, uliowekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ndicho chombo cha juu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe, na mkutano hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hupokea taarifa za mapato na matumizi, na huweza kuzihoji.

Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji. Mwenyekiti wa kijiji, anayechaguliwa kila baada ya miaka mitano, huongoza vikao. Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ni mwajiriwa, ni katibu na huandika muhtasari.

Sheria ndogo hujadiliwa kwanza na wanakijiji, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Kinga hiyo ni muhimu sana penye mashamba ya umwagiliaji.