Serikali Ikijenga Nyumba na Kusahau Vifaa

Hebu tuitazame nyumba moja iliyo juu ya kilima cha Greenwich, London. Saa zetu za Afrika Mashariki, tunazozihesabu tatu mbele ya Greenwich, zina nasaba na kilima hicho.

Mwaka 1675 Mfalme Charles II alimteua John Flamsteed kuwa mwanafalaki wake. Nasema mwanafalaki, si mnajimu. Huyu hakuajiriwa kupiga ramli. Kazi yake ilikuwa kupima mahali pa nyota ili mabaharia wajue longitudo zao. Nyumba ilichorwa na Christopher Wren, na gharama yake, pauni 520 na ushei, ilitokana na kuuza baruti iliyoharibika. Ili kubana matumizi, ilijengwa juu ya msingi wa ngome kuukuu. Kumbe msingi wenyewe haukuelekea kaskazini sawasawa! Basi chumba cha pembe nane kikabaki cha fahari, na vipimo muhimu Flamsteed akavichukulia katika kibanda bustanini.

Mshahara ulikuwa pauni 100 kwa mwaka. Vifaa, ama alipewa na mfadhili wake Jonas Moore, ama alijinunulia. Hapo ndipo palipozuka mgogoro. Isaac Newton aliziona takwimu zile kuwa mali ya umma. Flamsteed akashikilia kuwa hazijakamilika na zimemgharimu fedha zake. Mwaka 1712 Newton na Edmond Halley wakazichapisha bila ridhaa yake. Baadaye Flamsteed akapata nakala 300 hivi kati ya 400, akazitia moto. Alipofariki mwaka 1719, mjane wake, Margaret, akaviondoa vifaa. Halley, aliyerithi cheo, akakuta vyumba vitupu. Mjane huyo huyo ndiye aliyesimamia kazi kamili ikatoka mwaka 1725.

Nausoma mkasa huu kama mtafiti wa Kiswahili. Wangapi kati yetu tumewarekodi malenga wa pwani kwa kinasa sauti tulichojinunulia na nauli ya mfukoni? Kanda hizo ni za nani: mtafiti, chuo, au malenga mwenyewe? Mtafiti akifa, warithi huzikuta sandukuni wasijue wazipeleke wapi.

Kwa hivyo, tunapodai majengo ya taasisi za lugha, tudai pia bajeti ya vifaa, hifadhi ya data na mkataba wa umiliki. Mkataba huo utiwe saini kabla kinasa sauti hakijawashwa, si baada ya matanga.