Habari za Jicho Jekundu

Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wameandika habari za makanisa, shule na visima. Mimi nimechagua habari za macho.

Huku kwetu, tangu Musoma hata Bunda na Butiama, mkulima huingiwa na kapi la mtama au huchomwa na jani la mahindi jichoni. Bakteria hupita penye mkwaruzo, na konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, hufanya kidonda. Ndipo jirani huleta chupa iliyomfaa yeye mwaka jana. Nimeona chupa moja ikizunguka nyumba tatu. Wekundu hupungua, watu hushukuru. Kumbe kidonda chazidi kuchimba.

Chupa nyingine za namna hiyo zina steroidi. Asili yake ni hii: mwaka 1948, huko Marekani, Philip Hench alimtibu mgonjwa wa viungo kwa kotisoni, naye akapata nafuu ya ajabu. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Madaktari wa macho nao wakaijaribu. Waliona kwamba yatuliza uvimbe, lakini haiui bakteria, tena yapunguza nguvu za mwili za kujipigania. Basi wakagawanyika. Wengine walisema uvimbe ndio uachao kovu, heri utulizwe, wengine waliogopa.

Shauri hilo lilipimwa tangu 2006 hata 2010 kwa wagonjwa 500, wengi wao wa India. Vidonda vyao vilichunguzwa kwanza, na wenye kuvu hawakupokelewa, kwa maana steroidi humpa kuvu nafasi. Wote walitiwa dawa ya kuua bakteria kwa saa 48. Kisha nusu wakaongezewa steroidi, na nusu matone matupu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: baada ya miezi 3, kwa jumla, kuona kwao hakukutofautiana. Ila wale walioanza na macho mabaya kabisa walionekana kufaidika.

Yatupasa kujifunza utaratibu wao: kwanza kumjua adui, pili kumpiga, ndipo kutuliza, tena chini ya daktari. Kumnyamazisha mbwa si kumfukuza mwizi. Ndugu msomaji, jicho jekundu lenye maumivu au doa jeupe lipeleke hospitali siku ile ile. Chupa ya jirani na ibaki kwa jirani.