Kujitambua na Kuwamo

Tinde ni njia panda. Ukitokea Nzega, barabara moja inakupeleka Shinyanga na Mwanza, nyingine inashika Isaka na Kahama. Abiria akishuka hapo na kupigiwa simu, hujibu, "Nipo Tinde." Waliobaki nyumbani huambiana, "Yuko Tinde." Na anayemtafuta mwenzake ndani ya basi huuliza, "Yumo?" Kiswahili kimegawa kuwapo mara tatu: -po ya mahali dhahiri, -ko ya mahali pasipo dhahiri, -mo ya ndani.

Mgawo huo unatusaidia kupima istilahi mbili ambazo semina za uongozi huzitaja pamoja: kujitambua na uwepo.

Tuanze na kujitambua. Vitenzi vyenye -ji- vina mtego. Anayejiona ana majivuno. Anayejisikia, vivyo hivyo. Kujitambua kumesalimika kwa sababu kutambua ni kujua kitu kwa alama zake, kama mfugaji anavyomtambua ng'ombe wake katikati ya kundi. Anayejitambua anazijua alama zake mwenyewe: hasira yake huanzia wapi, sifa zinamlewesha kiasi gani, neno lake linawaangukiaje walio chini yake. Kinyume chake tunakisikia wodini. Mgonjwa aliyepoteza fahamu, ndugu zake husema, "Hajitambui." Basi kiongozi asiyejitambua ni wa kuhofiwa: ameshika madaraka, lakini fahamu hana.

Istilahi ya pili, uwepo, imezoeleka, nami sina ugomvi nayo. Ila inaishia kwenye -po: kiti kimekaliwa, jina limeandikwa kwenye mahudhurio. Dhana yenyewe inataka zaidi, inataka -mo. Watu wa machimbo wanaujua uzito wa silabi hiyo. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likititia, swali la kwanza ni, "Nani yumo?" Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku zote hizo, kwa jamaa zao, kuwamo halikuwa neno la sarufi.

Kwa uongozi, mfano ninaoushika ni wa Ali Hassan Mwinyi. Katikati ya miaka ya 1970, washukiwa waliokamatwa katika msako dhidi ya mauaji mikoani Mwanza na Shinyanga waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi wakafa. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwapo kwenye vyumba vya mateso. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliofanya yale walikuwa chini ya wizara yake. Kwa mwili hakuwapo; kwa dhamana alijitambua kuwa yumo. Mwaka 1985 nchi ilimkabidhi urais.

Hapo istilahi zetu mbili zinakutana. Bila kujitambua, kiongozi hawezi kujua ni jambo gani limo ndani ya dhamana yake. Bila kuwamo, kujitambua kwake kunabaki siri ya moyo isiyomfaa mtu. Kwa hiyo napendekeza tuseme kujitambua na kuwamo, na uwepo tuuachie mahudhurio.

Mkutano wa kijiji ukifunguliwa, mwenyekiti akiitwa jina hujibu, "Nipo." Ni jibu sahihi. Wananchi waliokaa chini ya mti wanangoja kuona kama yumo.