Kibla ya Kizimkazi na udongo wa Tongoni

Sisi wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, tunalijua neno tongo: pale palipokuwa na watu, wakahama. Kasongo ya zamani, ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, iliyotekwa na askari wa Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, tarehe 22 Aprili 1893, leo tunaiita Tongoni. Nyumba zake zilikuwa za udongo na manyasi, na mvua za Maniema hazina subira.

Ndiyo maana msikiti wa Dimbani, kijijini Kizimkazi, kusini mwa Unguja, unanigusa sana. Kwa nje ni kibanda cha mawe chenye paa la bati, na wageni wengi wanapita mbio kwenda kuwatazama pomboo. Lakini vua viatu, ingia, tazama ukuta wa kibla. Herufi za Kikufi zimechongwa kwenye tumbawe, mashina yake yamepanda juu kisha yakapindana kama ukili mikononi mwa msukaji. Zinamtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan, aliyeamuru ujenzi mwezi wa Dhul-Qaada, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wataalamu wameufananisha mchoro huo na kazi za Siraf, bandari ya Uajemi.

Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya karne ya 18, maana msikiti ulijengwa upya. Mafundi wale wangeweza kuchonga kibla mpya. Wakaitunza ya wazee, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko ujenzi wenyewe.

Tumbawe la kuchonga lilitolewa baharini likiwa bichi. Wakati huo ni laini, patasi inapenya bila shida. Likikaa hewani linakuwa gumu. Mawe ya kuta yalichimbwa nchi kavu, yakashikwa kwa chokaa, nayo chokaa ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo. Bahari ndiyo iliyowapa karibu kila kitu.

Kutoka pwani hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna mpagazi aliyebeba tumbawe. Walichobeba ni lugha hii ninayoandikia, na sala. Ukiwa Unguja, Makka iko takriban kaskazini kabisa. Kwetu iko kaskazini mashariki. Mtu wa Kizimkazi aliyefika Kasongo na msafara ilimbidi ageuke kidogo kulia kabla ya kuhirimia.